Kabla ya kutusomea simu za watu, tuonyesheni kibali

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika majuzi kwamba mawakili wanaopinga ushahidi wa simu zilizonaswa na polisi wanachelewesha kesi bure, na kwamba asiye na la kuficha hana haja ya kujua nani alimsikiliza. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Pwani ya Kenya hadi nikastaafu, na nusu ya maneno yake nayakubali. Pingamizi nyingi za simu ninazozisikia kortini ni za kupoteza muda kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika.

Siku hizi naenda kortini kama raia tu, nikimsindikiza jirani yangu ambaye mwanawe ana kesi chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kesi ingali mbele ya hakimu, kwa hivyo sitataja korti, wala mshtakiwa, wala anachodaiwa kufanya. Nitasema tu yale ambayo kila aliyekaa kwenye mabenchi ya umma aliyaona na kuyasikia.

Afisa wa upelelezi alipanda kizimba cha mashahidi na bunda la karatasi, mazungumzo ya simu ya kijana huyo yaliyonakiliwa neno kwa neno, akaanza kusoma. Alisoma kwa Kiswahili, karani akatafsiri kwa Kiingereza, hakimu akaandika. Ni kazi ya polepole. Kurasa chache humaliza asubuhi nzima. Tulipofika ukurasa wa tatu hapakuwa na ugaidi wala uhalifu wowote. Mama mtu alikuwa akimwambia mwanawe kwamba tembe zake za presha zimekwisha, apitie duka la dawa akitoka kazini, na asisahau kudai chenji maana mara ya mwisho aliiacha hukohuko. Mama huyo alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakisomwa na afisa aliyevaa tai, akaniuliza kwa sauti iliyofika mbele, "Na hili pia ni ugaidi?" Askari wa korti akamwashiria anyamaze.

Hapo wakili akasimama. Alinukuu Kifungu cha 31 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake, akazungumza vizuri na kwa hisia, pengine robo saa. Mwendesha mashtaka akajibu kwa sentensi moja: jambo hilo lilikwisha kuamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2015 katika kesi ya CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo. Hakimu akakubali, pingamizi likaanguka, usomaji ukaendelea, na tembe za presha zikaingia katika rekodi ya mahakama.

Kabla hajaanza kusoma, afisa alikuwa ametaja kwa kupita tu kwamba alipata amri ya korti, akasema na tarehe yake. Familia ilikuwa na nakala ya yale mazungumzo, nikaiomba. Aliyepokea karatasi kaunta miaka mingi, macho yake hutua kwenye tarehe kabla ya kutua kwenye maneno. Tarehe ya mazungumzo ya kwanza ilikuwa kabla ya tarehe ya amri. Huenda kuna maelezo. Huenda kulikuwa na amri nyingine iliyotangulia, au mpiga chapa alikosea. Lakini hakuna aliyeuliza. Nilimfuata wakili varandani nikamwonyesha kwa kidole. Akatupa jicho, akasema, "Mzee, hili la kunasa simu lilishaamuliwa zamani," akaingia korti nyingine alikokuwa akisubiriwa.

Mhariri, halijaamuliwa, na naona ni vyema wasomaji wako wajue ni kitu gani hasa kiliamuliwa.

Mnaikumbuka Desemba ya 2014. Watu walikuwa wamechinjwa Mandera, kwanza abiria wa basi, kisha wafanyakazi wa machimbo ya mawe, na serikali ikataka meno zaidi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ilipitishwa tarehe 18 katikati ya vurugu bungeni, na siku iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini. CORD wakaenda Mahakama Kuu. Jaji George Odunga akavisimamisha kwa muda vipengele vinane, kisha tarehe 23 Februari 2015 jopo la majaji watano likatoa hukumu. Vipengele vinane vilifutwa, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Kile cha kunasa mawasiliano, kifungu 36A kilichopachikwa ndani ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kilinusurika. Majaji walikiri kwamba kinaipunguza haki ya faragha, lakini wakaona kupunguzwa huko kunahalalishwa na tishio la ugaidi. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, ambayo nayo ina vifungu vya kunasa mawasiliano, ilipingwa na chama cha wanablogu, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaiacha isimame.

Basi sheria zipo na ni halali. Sina ugomvi hapo. Lakini jopo la 2015 halikuona faili la mtoto wa jirani yangu. Halikusema kwamba kila amri itakayotolewa baada ya hapo ni sawa, kwamba kila kiapo ni cha kweli, kwamba kila afisa ataanza kusikiliza siku aliyoruhusiwa na si wiki moja nyuma. Sheria ya leseni za udereva ni halali pia, na askari wa trafiki bado hukusimamisha akakuuliza yako iko wapi.

Someni kifungu cha 36 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kilichokuwepo tangu 2012, kabla ya hiyo 36A inayotajwa kila saa. Afisa anayeomba amri sharti awe wa cheo cha inspekta mkuu au zaidi. Kabla hajafika mahakamani awe na idhini ya maandishi ya Inspekta Jenerali wa Polisi au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mahakama nayo isitoe amri mpaka iridhike kwamba habari itakayopatikana inahusu kosa la chini ya sheria hiyo au mahali alipo mshukiwa. Kila sharti hapo ni karatasi. Cheo kimeandikwa kwenye hati ya kiapo. Idhini ina saini na tarehe. Amri ina namba ya simu, jina la kampuni, muda wa kuanza na wa kukoma. Karatasi ipo au haipo, na ikiwepo inasema lile au hailisemi.

Tena maombi haya husikizwa upande mmoja, na lazima iwe hivyo. Humwambii mtu kwamba kesho utaanza kumsikiliza. Lakini niruhusu niwaeleze maombi ya upande mmoja yanavyopita, na sisemi ya simu tu, hata ya kuangalia akaunti za benki na ya kupekua nyumba. Afisa hufika asubuhi korti haijakaa, faili jembamba mkononi, anaomba limfikie hakimu kabla orodha ya siku haijaitwa. Hati ya kiapo imetoka kwenye kompyuta ileile iliyotoa ya mwezi jana, na nimewahi kuona jina la mshukiwa wa mwezi jana likiwa limesahauliwa aya ya nne. Nje wanasubiri mahabusu walioletwa kwa lori kutoka gereza la Shimo la Tewa, mawakili wanachungulia mlangoni. Hakuna hata mmoja wa kusema "hebu kwanza". Simlaumu hakimu anayetia saini, analetewa anachoapiwa. Ninachosema ni kwamba karatasi iliyopita bila kuulizwa asubuhi ile, mahali pekee pa kuulizwa ni kwenye kesi yenyewe. Wakili akinyamaza hapo, basi haitaulizwa na yeyote hadi Kiyama.

Hakimu mmoja niliyemtumikia alikuwa na mazoea ya kusoma hukumu za nje saa za chakula cha mchana, akaniambukiza. Yeye ndiye aliyenisimulia kesi mbili za Marekani ambazo sijazisahau, zote za dawa za kulevya, zote zikaamuliwa na Mahakama ya Juu ya huko siku moja, Mei 1974. Sheria yao ya 1968, kama ilivyokuwa wakati huo, ilisema maombi ya kunasa simu katika kesi za serikali kuu yaidhinishwe na Mwanasheria Mkuu mwenyewe au na msaidizi aliyemteua rasmi kwa kazi hiyo. Katika kesi ya Giordano ya huko Baltimore ikabainika kwamba Mwanasheria Mkuu John Mitchell hakuyaona maombi. Msaidizi wa ofisini kwake, ambaye sheria haikumtaja, ndiye aliyekubali, akaweka herufi za jina la mkubwa wake. Ushahidi wa simu ukatupwa nje. Jaji alikuwa ameidhinisha, simu zilinaswa kweli, mtu alisikika kweli, na bado ukatupwa, kwa sababu Bunge lilitaka mkubwa mwenyewe aamue nani asikilizwe, naye hakuamua.

Ya pili, Chavez, ilikwenda kinyume. Huko Mwanasheria Mkuu alikuwa ameidhinisha kweli, ila karatasi zilizokwenda kwa jaji zilitaja jina la msaidizi wake. Mahakama ikasema hilo ni kosa la uandishi, ushahidi ukabaki. Napenda wasomaji wako wazione hizi mbili kwa pamoja, hasa yule anayedhani pingamizi ni mlango wa kuwatolea wahalifu. Majaji walewale, siku ileile, walipima kosa lipi linagusa kiini cha ruhusa na lipi ni wino tu. Hakuna namna ya kupima hivyo kama karatasi zenyewe hazijaletwa mezani.

Na huko karatasi huletwa. Sheria hiyo ya 1968 inasema mazungumzo yaliyonaswa hayawezi kutumika katika kesi mpaka kila upande uwe umepewa, angalau siku 10 kabla, nakala ya amri na ya maombi yaliyoizaa. Jaji anaweza kuzipunguza siku hizo, lakini kwa sababu, na bila kumwumiza mshtakiwa. Inasema pia kwamba wanaosikiliza wajitahidi kuyaacha mazungumzo yasiyohusika. Tembe za presha zingekatwa hapohapo simuni, zisifike kizimbani. Sisemi Wamarekani ni malaika wa faragha, dunia nzima inajua wanavyosikiliza watu wasio wao. Nasema tu kwamba ndani ya korti zao za jinai, mshtakiwa anajua aliruhusiwa na nani kusikilizwa.

Nitangulie kujibu kitu ambacho watu wa Mombasa wataniuliza, maana kila nikilizungumza hili barazani lazima mtu ataje kina Akasha, wale ndugu wa hapa Mombasa walioshtakiwa Marekani kwa dawa za kulevya. Rekodi zilizowaponza Baktash na Ibrahim zilichukuliwa na watu waliojifanya wanunuzi, kumbe wanafanya kazi na kikosi cha Marekani cha kupambana na dawa za kulevya. Kwa sheria ya huko, mmoja wa wanaozungumza akikubali kurekodi, amri ya korti haihitajiki. Na hawakufika hata kwenye kusikizwa kwa kesi. Walikiri mashtaka New York mwaka 2018. Hayo ni mambo mengine kabisa.

Karibu na kwetu kuna Afrika Kusini. Mwandishi wa habari Sam Sole alishuku miaka mingi kwamba anasikilizwa, akaja kupata uhakika mwaka 2015 alipoona mazungumzo yake na mwendesha mashtaka yameambatishwa kwenye karatasi za kesi iliyomhusu Jacob Zuma. Kituo chake cha amaBhungane kilikwenda kortini, na tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikasema sheria yao ya kunasa mawasiliano ina kasoro, mojawapo ikiwa ni kwamba aliyesikilizwa haambiwi kamwe, hata mambo yakiisha. Ikaagiza kwamba, kwa kawaida, aarifiwe ndani ya siku 90 tangu amri kuisha. Kwetu mtu aliyesikilizwa na asishtakiwe atakufa hajui. Aliyeshtakiwa ana bahati ya kujua, na bahati hiyo ndiyo wakili wake anaitupa.

Silaha zipo. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika na kuufikia. Aya ya nne ya kifungu hichohicho inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki yoyote ukataliwe, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utendaji wa haki. Hii "ikiwa" ndiyo uwanja wa wakili. Humo ndimo angesimama na ile tarehe. Aulize: amri iko wapi, idhini aliyotia saini Inspekta Jenerali au Mkurugenzi wa Mashtaka iko wapi, kiapo kilisema nini, na haya mazungumzo ya kabla ya amri mliyapata kwa ruhusa gani? Dakika tano zinatosha, robo saa ya Kifungu cha 31 haihitajiki.

Wala wasiniambie mawakili wetu hawajui kupinga karatasi. Leteni video au picha ya simu bila cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, kile kinachoeleza ilivyotolewa, muone wanavyoruka! Hata wakili aliyeapishwa juzi anaijua 106B kama alhamdu. Wameijua kwa sababu kesi zimeanguka kwa ajili yake, na kwa sababu hiyo hata polisi sasa huja na cheti bila kukumbushwa. Amri za kunasa simu zingekuwa hivyohivyo kama mtu angezoea kuziulizia.

Kuna na ile orodha ya simu zilizopigwa, saa, muda na mnara uliozibeba, ambayo ndiyo huletwa zaidi katika kesi za kawaida za mauaji, wizi wa mabavu na utekaji nyara. Haina sauti, kwa hivyo watu huona haina siri. Mimi naona ina siri kuliko sauti. Inaeleza umelala wapi. Nimeona mafaili ambayo orodha hiyo ilitolewa kwa amri ya korti, nimeona na mengine ambayo kilichokuwemo ni barua tu ya afisa kwa kampuni ya simu. Wakili hakuuliza tofauti katika lolote kati ya hayo. Lakini hilo linahitaji barua yake peke yake.

Najua nitakachojibiwa. Katika shambulio la jumba la maduka la Westgate waliuawa watu 67, na waliohukumiwa mwaka 2020 walihukumiwa kwa sehemu kubwa kwa mawasiliano yao ya simu na wauaji. Chuo Kikuu cha Garissa waliuawa 148. Nisingetaka afisa hata mmoja akose kusikiliza simu inayopanga jambo kama hilo, na kama ni kuchagua, ni afadhali mara mia kijana aletwe kortini na simu yake imenaswa kuliko achukuliwe usiku na watu wasiojulikana, jambo ambalo sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Lakini afisa aliyefuata kifungu cha 36 ana karatasi zote tayari. Kumtaka azitoe hakumpunguzii kitu. Anayepata shida ni yule aliyesikiliza kwanza akatafuta amri baadaye, na ushahidi wa namna hiyo ndio utakaoanguka kwenye rufaa, miaka imepita, mashahidi wamehama, na aliyefanya kosa kweli anatoka kwa mlango wa mbele. Msomaji wako anayechukia kucheleweshwa kwa kesi aanzie hapo.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Chama cha Mawakili tawi la Mombasa, ambacho huandaa semina nzuri hotelini kuhusu mambo mengi, kiandae moja ya kusoma amri na hati za kiapo, na kialike makarani waje kufundisha. Pili, Jaji Mkuu Martha Koome atoe maelekezo kwa mahakama zote kwamba katika kesi yoyote ya jinai yenye mazungumzo yaliyonaswa, upande wa mashtaka umkabidhi mshtakiwa nakala ya maombi, ya idhini na ya amri siku 10 kabla shahidi hajapanda kizimbani. Kama kuna jina la mpasha habari la kulindwa, lifunikwe kwa wino mweusi, hakimu abaki na nakala safi. Maombi yenyewe hayazidi kurasa sita au saba. Kupiga kopi hapo nje ya korti ni shilingi tano kwa ukurasa, na kama serikali haina, familia ya jirani yangu italipa.

Karani mstaafu,
Kisauni, Mombasa